Foklifti ya volti 48 kwenye betri za vigari vya gofu: uchambuzi wa kisa kimoja cha ghalani

Usuli

Ghala hili la Dar es Salaam husambaza vyakula vikavu, na linategemea foklifti moja ya umeme ya magurudumu matatu, uwezo wa kilo 1,600, mfumo wa volti 48. Jina la ghala, chapa ya mashine na tarehe zimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa kwenye daftari la karakana.

Betri ya asili ilikuwa betri ya maji: seli 24 za volti 2, Ah 625 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri), kilo 860 pamoja na sanduku lake la chuma. Ilikuwa imetumika miaka minane. Baada ya chaji ya usiku kucha haidromita, kipimo cha uzito wa asidi kinachoonyesha chaji, ilisoma 1.27 kwenye seli nyingi, lakini seli tano hazikuvuka 1.15. Seli zimefungwa mfululizo, kwa hiyo tano hizo zikishachoka zinaishusha betri nzima. Kazi ikawa haifiki saa mbili bila kurudi kwenye chaja.

Betri mpya ya aina ileile ilikuwa ya kuagiza nje na kusubiri. Mwenye ghala alikuwa na betri nne za lithiamu zilizoletwa kwa ajili ya vigari vya gofu vya hoteli, mradi ukasimama kabla hazijafungwa. Kila moja ni ya fosfeti ya chuma, seli 16 mfululizo, volti 51.2, Ah 105, kilo 48. Ndani ya kila betri kuna bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS. Kibao cha betri kilisema bodi hiyo inaruhusu ampea 100 mfululizo (bila kukoma) na ampea 150 kwa sekunde 10, na ikipita ampea 200 inakata papo hapo.

Swali alilokuja nalo karakana lilikuwa moja: zitatosha? Alikuwa anauliza kuhusu muda wa kazi. Kwa foklifti hilo ni swali la tatu. La kwanza ni uzito, la pili ni mkondo wa ghafla.

Uzito kabla ya umeme

Kwenye foklifti, betri ni sehemu ya mzigo wa nyuma unaoizuia mashine isipinduke mbele. Ndiyo maana bamba la mtengenezaji linaandika uzito wa chini na wa juu wa betri. Hapa lilisoma kilo 830 hadi 930. Betri nne za gofu zina kilo 192 tu.

Hesabu yake ni ya mizani ya kawaida, na ekseli ya mbele ndiyo mhimili. Kitovu cha sanduku la betri kilikuwa sentimita 65 nyuma ya ekseli hiyo. Kitovu cha mzigo, ukijumlisha sentimita 50 kutoka uso wa uma na sentimita 35 kutoka uso wa uma hadi ekseli, kilikuwa sentimita 85 mbele. Ukiondoa kilo 668 nyuma umepoteza nguvu ya kushikilia karibu kilo 510 za mzigo mbele. Foklifti ya kilo 1,600 inageuka ya kilo 1,100, na bamba lake bado linamwambia dereva 1,600.

Mwenye ghala aliomba ijaribiwe kwanza bila mzigo ili aone kama inatembea. Mafundi walikataa, na walikataa kwa haki. Mlingoti ukiwa juu na mashine ikakata kona, hata uma mtupu haukuachii nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa chuma. Mabamba ya milimita 800 kwa 600, unene milimita 20, yana kilo 75 na nusu kasoro kila moja. Yalilazwa chini ndani ya sanduku jipya, yakatobolewa pembe nne, yakafungwa kwa boliti nne za M16 zilizopita mpaka sakafu ya sanduku. Kulaza bila kufunga hakutoshi: chuma cha kilo 600 kikiteleza sentimita tatu wakati wa breki kinapiga ukuta wa sanduku, na betri zilizo juu yake zinapigwa nacho. Sanduku lenyewe, pamoja na kebo na basiba (vipande vya shaba vinavyokutanisha kebo), lilikuwa na kilo 62.

Ufungaji wa kwanza

Hapa ndipo kosa kubwa la kisa hiki lilipofanyika. Ziliwekwa betri tatu sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), ya nne ikawekwa stoo kama akiba. Hoja ilikuwa ya Ah peke yake: tatu zinatoa Ah 315, zamu ya asubuhi inakula chini ya hapo, basi zinatosha. Kwa betri tatu yalihitajika mabamba tisa, jumla ikawa kilo 884.

Kabla ya kuunganishwa, kila betri ilichajiwa peke yake mpaka ikajaa, zikaachwa usiku mzima, kisha zikapimwa. Tofauti haikuzidi volti 0.1. Hatua hii ilikuwa sahihi na haifai kurukwa. Volti ya lithiamu ya fosfeti haibadiliki sana kati ya asilimia 30 na 80, kwa hiyo betri mbili zinaweza kusoma sawa huku moja ina nusu ya chaji ya mwenzake. Njia ya uhakika ya kuzilinganisha ni kuzijaza zote.

Kebo ndizo zilizoharibu. Zilitumika za milimita 25 za mraba, kutoka betri hadi betri kwa mnyororo, chanya na hasi zote zikatolewa kwenye betri ya mwisho iliyo karibu na plagi. Lagi, yaani vichwa vya chuma vya ncha za kebo, zilibanwa kwa nyundo.

Plagi kuu ilipochomekwa mara ya kwanza ilipiga cheche na betri zote zikajizima. Kapasita za kontrola, kifaa kinachoendesha mota, zilikuwa tupu, na kapasita tupu kwa sekunde ile ya kwanza ni sawa na shoti. BMS iliona shoti ikakata, nayo ilikuwa inafanya kazi yake. Dawa ilikuwa rezista ya ohm 22, wati 50, inayozijaza kapasita kwa sekunde tatu kupitia rilei ya kuchelewesha kabla kontakta kuu (swichi kubwa ya umeme) haijafunga. Betri ya maji ilikuwa inavumilia cheche ile miaka yote. Lithiamu yenye bodi haivumilii.

Siku ya pili

Dereva alikuwa anapanda rampu ya kupakilia na paleti ya sukari, mifuko 24 ya kilo 50. Katikati ya rampu alikanyaga mafuta, kama madereva wanavyosema hata kwa mashine ya umeme, na wakati huohuo akavuta wenzo wa kuinua. Mashine ilizima kabisa. Breki ya sumaku, ambayo hujifunga yenyewe umeme ukikatika, ilishika hapo hapo. Mifuko ya tabaka la juu iliteleza mbele, saba ikaanguka, mitatu ikapasuka.

“Fundi, imekufa yote, hata honi,” ndivyo dereva alivyoripoti kwenye simu. Kauli hiyo ilisaidia sana. Kontrola ikijizima kwa hitilafu yake, honi na kioo kidogo cha maonyo hubaki hai. Honi ikifa, umeme umekatika kwenye betri.

Hakuna aliyeumia. Kulikuwa na mtu wa kuhesabu mifuko, naye alikuwa amesimama pembeni. Angekuwa mbele ya uma, kisa hiki kingeandikwa kwa namna nyingine.

Vipimo ambavyo vilitakiwa kufanyika mwanzo

Betri ya zamani ya maji ilirudishwa kwa muda. Mita ya klampi ya mkondo mnyoofu, yenye kushika kilele, ikabanwa kwenye kebo kuu, na kila tendo likapimwa kwa mzigo wa kilo 1,200:

Kutembea mtupu kwenye sakafu tambarare: ampea 60 hadi 90.
Kuondoka na mzigo: 260.
Kuinua mzigo, sekunde 15 mpaka juu: 290.
Kuinua na kupanda rampu pamoja: 450.

Kisha betri tatu zikarudishwa, na kila kebo ikapimwa peke yake wakati wa kuinua tu. Ampea 290 hazikugawanyika kwa tatu. Betri ya karibu na plagi ilitoa 113, ya kati 96, ya mbali 81. Kila kiungo cha mnyororo kinaongeza ukinzani, na lagi zilizobanwa kwa nyundo zinaongeza zaidi, kwa hiyo betri iliyo karibu hubeba wenzake.

Ukipeleka mgao huohuo kwenye ampea 450 za rampuni, betri ya kwanza ilikuwa inatoa karibu 175. Imepita 150, bodi yake ikakata. Zikabaki mbili, kila moja inadaiwa ampea 225 au zaidi, yaani juu ya kikomo cha kukata papo hapo. Zote mbili zikaondoka kwa mara moja. Kwa macho ya dereva ni kuzima kumoja, lakini ndani betri zilikuwa zinaangushana moja baada ya nyingine.

Marekebisho

Betri ya nne ilitolewa stoo ikaingizwa. Jumla ikawa kilo 932, mbili zaidi ya kikomo cha bamba, basi bamba moja la chuma likaondolewa na uzito ukatulia kwenye 857.

Kebo zote zilibadilishwa. Kila betri ilipewa kebo yake ya milimita 50 za mraba, chanya na hasi, zote urefu mmoja wa sentimita 70 hata kwa betri ambayo sentimita 30 zingeifikia. Kebo inayozidi ilizungushwa na kufungwa pembeni. Zinakutana kwenye basiba mbili za shaba za milimita 40 kwa 5, na kutoka hapo kebo ya milimita 95 za mraba inakwenda kwenye plagi. Lagi zilibanwa kwa mashine ya haidroli. Kila chanya ilipewa fyuzi ya daraja T ya ampea 200. Fyuzi ya bei rahisi haifai hapa: betri nne sambamba zinaweza kumwaga maelfu ya ampea kwenye shoti, na fyuzi isiyo na uwezo wa kukata mkondo huo inayeyuka huku cheche ikiendelea kuwaka ndani yake.

Baada ya hapo ampea 290 ziligawanyika 74, 72, 73 na 71.

Hatua ya mwisho ilikuwa kushusha kikomo cha mkondo wa mota ya kutembea kwenye mpangilio wa kontrola, mpaka kilele cha kuinua na kupanda pamoja kikashuka hadi ampea 380. Kwa betri nne ni 95 kila moja, chini ya kiwango cha mfululizo. Na betri moja ikijitoa, tatu zinabeba 127 kila moja, ambazo bodi inazivumilia kwa sekunde 10. Dereva anapata muda wa kushusha mzigo. Hesabu hii ya “moja ikitoka, zilizobaki zitasimama?” ndiyo inayotakiwa kuamua idadi ya betri kwenye foklifti, na Ah zinakuja baadaye. Gharama yake ni kuondoka kwa mashine kukawa kuzito kidogo kwenye rampu. Dereva alilalamika wiki ya kwanza, kisha akazoea.

Asubuhi ya chaji kamili

Wiki ya pili mashine ilizima tena, safari hii asubuhi, ikiwa tupu, ikishuka rampu. Honi ililia. Kontrola ilionyesha hitilafu ya volti kupanda.

Mota ya foklifti hii inageuka jenereta dereva anapoachia kanyagio, na umeme wake unarudi kwenye betri. Betri ya maji iliyojaa hupokea kidogo na kutoa povu. Lithiamu iliyojazwa mpaka volti 58.4, ambazo ni volti 3.65 kwa seli, haina pa kuuweka: BMS inafunga mlango wa kuchaji, umeme unakosa njia, volti inaruka kwenye kontrola. Kontrola ikichelewa kujilinda, inaungua.

Chaja mpya ya ampea 100 ilipangwa upya kuishia volti 56.8, yaani 3.55 kwa seli. Kinachopotea kwenye ujazo ni kidogo, na bado inatosha kwa bodi kusawazisha seli, mradi mara moja kwa wiki chaja iachwe ishikilie volti hiyo kwa saa mbili. Nguvu ya kurudisha umeme nayo ikapunguzwa kwenye kontrola. Chaja ya zamani ilikatwa plagi yake na kuondolewa ghalani siku hiyohiyo. Ilikuwa inapanda kupita volti 62 kwenye hatua yake ya kusawazisha seli za maji, na mtu wa zamu ya usiku angeweza kuichomeka kwa mazoea.

Geji ya mashine ilikuwa na udanganyifu wake. Inasoma volti, na imepimiwa betri ya maji. Kwa lithiamu ilionyesha imejaa kuanzia asubuhi hadi dakika chache kabla ya kuzima, na kinga ya kuzuia uma usipande chaji ikibaki asilimia 20 haikuwahi kufanya kazi. Ilifungwa mita yenye shanti (kipande cha kupimia mkondo) ya ampea 500, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Rilei yake ikaunganishwa kwenye waya wa kinga ileile: asilimia 30 inalia, asilimia 20 uma haupandi, mashine inatembea tu mpaka kwenye chaja.

Matokeo ya miezi saba

Kati ya asilimia 95 na 20 mashine inafanya kazi saa tano. Dakika 45 za chaji wakati wa chakula cha mchana zinarudisha Ah 75, zaidi ya saa moja ya kazi. Chaji ya jioni inachukua saa tatu na nusu, na hakuna maji ya kuongeza wala mvuke wa asidi kwenye chumba cha chaji.

Joto lilileta usumbufu ambao haukutarajiwa. Mwezi Februari, mchana, betri zilifika nyuzi 46 ndani ya sanduku na bodi ikakataa chaji ya mchana. Zilikuwa zimebanana. Ziliachanishwa milimita 25, sanduku likatobolewa matundu pande mbili, na sehemu ya chaji ikahamishwa kutoka chini ya bati tupu.

Mwezi wa nne kipimo cha klampi kilionyesha betri ya tatu inatoa ampea 18 pungufu ya wenzake. Boliti ya hasi ilikuwa imelegea. Foklifti haina springi, na magurudumu yake ni ya mpira mgumu, kwa hiyo kila ufa wa sakafu unafika kwenye boliti. Sasa zinakazwa kwa spana ya toki kila mwezi, kwa kipimo cha kwenye kibao cha betri, na zimewekewa alama ya rangi inayoonyesha boliti ikizunguka.

Uchambuzi

Uamuzi wa kuanza na chuma uliokoa mengi. Mashine ilipimwa kwenye mizani ya malori kabla na baada, na tofauti ilikuwa kilo tatu. Jaribio la kuinua lilifanywa kwa tangi la plastiki la lita 1,000 lililojazwa maji taratibu huku likiwa sentimita 10 juu ya sakafu. Maji ni mzigo mzuri wa majaribio kwa sababu unaujua kwa kilo na unaweza kuacha kujaza popote.

Kuweka betri ya nne stoo lilikuwa kosa la hesabu, na mnyororo wa kebo ukalifanya kuwa ajali. Lakini chanzo cha yote mawili kilikuwa kutopima. Mita ya klampi ilikuwepo karakana. Betri ya zamani ilikuwa bado inatoa karibu saa mbili. Asubuhi moja ya vipimo ingeonyesha ampea 450 kabla ya paleti ya kwanza. Vigari vya gofu havina pampu ya kuinua. Anayezoea vigari anaweza kutengeneza miaka mingi bila kukutana na mkondo wa namna hiyo.

Jambo la kibali halikushughulikiwa kwa wakati. Mabadiliko yanayogusa uwezo wa mashine yanatakiwa kupata ridhaa ya maandishi ya mtengenezaji, na mashine ya kunyanyulia iangaliwe na mkaguzi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Barua kwa wakala wa mtengenezaji iliandikwa baada ya ajali ya rampuni, ilhali ilitakiwa iandikwe kabla ya kukata chuma. Jibu lilisema mabadiliko hayo hayaungwi mkono, na hapo ghala lilikuwa limeshaingia gharama zote. Anayefikiria kazi kama hii aandike barua kwanza, na akubali kwamba jibu linaweza kuifuta kazi nzima.

Seli 24 za zamani ziliuzwa kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, zikiwa na asidi yake ndani. Kuimwaga ili kupunguza uzito wa usafirishaji ni kuharibu ardhi ya jirani.

Karakana ilipaka rangi bamba jipya la uwezo lenye kilo 1,300, likafungwa juu ya lile la kilo 1,600, pamoja na karatasi ya uzito wa betri mpya na tarehe ya kupimwa. Uzito wa nyuma ungebeba zaidi. Kilo 1,300 zilichaguliwa kwa sababu ya mkondo wa rampuni, na bamba hilo ndilo lililopo mpaka sasa.